Miji tisa kwa siku kumi na nne, na mama anataka maji tu

Swali: Mimi ni mstaafu wa miaka 61, naishi Tanga. Mwakani mwezi wa tisa mimi na mke wangu tunatimiza miaka 30 ya ndoa, na watoto wamechanga twende Ulaya siku 14. Ratiba niliyoandika ni hii: Paris, Brussels, Amsterdam, Cologne, Lucerne, Milan, Venice, Roma, Barcelona. Tunataka safari ya kupumzika, si ya mbio. Goti la kulia la mke wangu linamsumbua. Yeye anasema hajali ni nchi gani, mradi akae mahali penye maji asisumbuliwe. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo chakula nacho tunakifikiria. Tupange vipi?

Jibu:

Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa miaka 30. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza niliona miji tisa. Ya pili nikakutana na ombi la mama, na nikagundua kwamba katika hiyo ratiba yote hakuna siku hata moja ambayo amepewa hayo maji yake.

Tufanye hesabu kidogo. Miji tisa ni kuhama mara nane. Kila kuhama kuna kufunga masanduku, kutoka hotelini kabla ya saa tano asubuhi, kwenda stesheni, kusubiri, kusafiri, kisha kufika hoteli mpya ambayo chumba hupewi mpaka saa tisa alasiri. Hapo nusu siku imekwenda, na hiyo ni kama mambo yamenyooka. Mara nane ni siku nne. Toa siku ya kufika na siku ya kuondoka, zinabaki nane za kugawia miji tisa. Roma peke yake ingezimaliza.

Nasema haya kwa aibu kidogo, maana mwaka niliooa nilimburuza mke wangu miji sita kwa siku kumi, na kazi yangu ilikuwa hii hii ya kupangia watu safari. Siku ya saba tulifika Venice mchana. Ukitoka stesheni ya Santa Lucia, mfereji mkubwa uko pale pale mbele yako, na kushoto kuna daraja la mawe lenye ngazi. Hoteli yetu ilikuwa ng'ambo. Katikati ya ngazi gurudumu la sanduku likang'oka, likabiringika hadi majini. Mwenzangu akakaa chini kwenye ngazi, watu wakimpita huku na huku, akaniuliza: "Kwani leo tuko wapi?" Hakuwa anatania.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia anataka kupumzika namuuliza vitanda vingapi, simuulizi miji mingapi. Kwa siku 14 za watu wawili kama nyinyi, jibu langu ni vitanda vitatu: usiku nne Venice, usiku tano Varenna kwenye ziwa Como, usiku nne Lucerne kule Uswisi. Vyote vitatu viko kando ya maji, na kutoka kimoja hadi kingine mnakwenda kwa treni bila kuona uwanja wa ndege.

Tiketi ya ndege kwanza, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteza siku nzima. Usikate ya kwenda na kurudi mji ule ule. Kata ya kuingilia Venice na kutokea Zurich; kwenye tovuti za mashirika mengi utaiona chini ya "multi-city". Bei yake mara nyingi haipishani sana na ya kawaida, na mnaepuka safari ya kurudi mlikotoka kufuata ndege tu. Turkish Airlines na Emirates zote zinafika Dar, na zote zinakwenda Venice na Zurich, kwa hiyo anza kulinganisha hizo.

Mwezi wa tisa mmechagua vizuri. Waitaliano wenyewe humiminika likizo mwezi wa nane, hasa siku zinazozunguka tarehe 15, na mwezi wa tisa wamesharudi kazini. Maji ya ziwa bado yana joto la kiangazi. Mchana Venice mtavaa nguo nyepesi, ila jioni za Lucerne mzichukulie kama Lushoto mwezi wa saba: sweta, na shali ya mama.

Venice ina madaraja zaidi ya mia nne, na mengi ni ya ngazi. Kwa goti la mama hiyo ni habari mbaya, lakini ina dawa. Mtafute hoteli iliyo hatua chache kutoka kituo cha boti za abiria, zile wanazoziita vaporetto, bila daraja lolote katikati. Kabla ya kulipa, mwandikie mwenye hoteli swali moja: kutoka kituoni mpaka mlangoni pana madaraja mangapi? Na swali la pili: lifti ipo? Nyumba za kule ni za karne nyingi, chumba cha ghorofa ya tatu bila lifti ni jambo la kawaida kabisa. Mimi ningetafuta upande wa Zattere, ambako kuna njia pana ya kutembea kando ya maji, jua la jioni, na meli zinapita mbele yenu.

Tiketi moja ya vaporetto ni euro 9.50 na inadumu dakika 75, kwa hiyo msinunue moja moja. Chukueni ya siku tatu. Laini namba 1 inapita mfereji mkubwa wote taratibu, ikisimama karibu kila kituo. Pandeni asubuhi na mapema mwanzo wa laini, Piazzale Roma, mpate viti vya mbele vya nje. Hiyo ndiyo ziara ya Venice, na mama hajainua goti. Siku nyingine pandeni laini ya 12 kutoka Fondamente Nove hadi Burano, kama dakika 45 hivi, kisiwa cha wavuvi chenye nyumba za rangi kali na wanawake wanaofuma lesi kwa sindano. Mtasikia kuhusu ada ya kuingia Venice iliyoanza mwaka 2024. Hiyo ni ya wageni wa kushinda tu, katika siku maalumu zinazotangazwa. Nyinyi mtakaolala mjini mtalipa kodi ya wageni hotelini, basi.

Gondola? Kama mnataka picha, pandeni. Mimi naona ni pesa nyingi kwa nusu saa ya kusukumwa kama gunia la mbata.

Siku ya tano mnapanda treni ya kasi hadi Milano Centrale, stesheni kuu ya Milan, saa mbili na nusu hivi. Hapo mnabadili kwenda Varenna, saa moja na kidogo. Sasa angalia: kwenye ubao wa ratiba hutaona neno Varenna. Utaona Sondrio au Tirano, ambako treni inaishia. Nimeona wageni wamesimama chini ya ubao ule mpaka treni yao inaondoka. Tiketi ya treni hii ndogo ukinunua ya karatasi, igongeshe kwenye kile kimashine kidogo cha stesheni kabla ya kupanda, la sivyo ni faini, na kondakta wa Kiitaliano akishatoa kitabu chake hasikilizi hadithi. Mketi upande wa kushoto. Baada ya Lecco ziwa linafunguka upande huo, na haliwaachi tena mpaka mnashuka.

Na hapo hapo kwenye saa, mzee wangu, kuwa mwangalifu. Nilikuwa na mteja ambaye tiketi yake iliandikwa 08:20. Kichwani akaisoma saa nane na dakika ishirini, akaenda kupata chakula cha mchana kwa raha zake, akafika stesheni treni imeondoka tangu asubuhi. Ziandike saa zote kwenye daftari kwa Kiswahili kabla hamjaondoka Tanga: 08:20 ni saa mbili na dakika ishirini asubuhi, 13:05 ni saa saba na dakika tano mchana. Mwezi wa tisa Italia iko nyuma yetu kwa saa moja.

Varenna ndiyo moyo wa safari hii, ndiyo maana nimeipa usiku tano. Ni kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Kutoka gati ya vivuko hadi kijijini kuna njia ya chuma iliyoning'inizwa juu ya maji, ina vishikio vyekundu, wenyeji wanaiita njia ya wapendanao. Haimalizi hata dakika kumi. Mwishoni kuna mikahawa iliyopanga viti karibu kabisa na ukingo. Mama akae pale. Atasikia mawimbi madogo yakigonga mawe kila kivuko kinapopita, kengele ya kanisa upande wa juu, na kitu kingine hakuna. Jioni jua linapozama upande wa pili, milima ya ng'ambo inakuwa ya buluu, taa za Bellagio, mji mdogo wa ng'ambo, zinaanza kuwaka moja moja. Hata mimi ninayeuza safari kwa maneno, pale huwa nanyamaza.

Bellagio ni dakika kama 15 kwa kivuko. Nendeni asubuhi, mzunguke, mrudi kabla ya saa tano, wakati makundi kutoka Milan yanapoanza kushuka. Ila vichochoro vyake ni ngazi tupu, kwa hiyo mbaki chini kwenye barabara ya ufukweni. Pale Varenna kwenyewe kuna bustani ya Villa Monastero, ndefu kando ya ziwa na karibu yote tambarare. Vijiji vya pale vina miinuko mikali, kwa hiyo hoteli nayo iwe ya chini, karibu na gati. Andika tena barua ile ile ya ngazi na lifti.

Chakula cha pale kitawachekesha. Wavuvi wa ziwa Como wana samaki wanaomtia chumvi, wanamuanika juani, kisha wanampanga kwenye chombo na kumkandamiza. Wanamuita missoltino. Analiwa kwa kuchomwa kidogo, akatiwa mafuta ya zeituni na siki, pamoja na polenta, ambayo ni unga wa mahindi uliosongwa. Yaani mmetoka Tanga kwenda kula ng'onda na ugali. Ugali wao ni wa njano na mlaini kidogo, mama atakuwa na maoni.

Kuhusu halali kwa ujumla: Venice kwenyewe mna vibanda vya kebabu, na Mestre, ng'ambo ya daraja la treni, kuna Wabangladeshi wengi na maduka yao ya nyama. Varenna msitegemee, kuleni samaki, mboga na tambi. Mambo mawili ya kuuliza kila mara. Wali wao wa risoto hupikwa mara nyingi kwa mvinyo na supu ya nyama hata pale kinachoonekana ni samaki au uyoga tu. Na baadhi ya mikate hutiwa mafuta ya nguruwe, wanayaita strutto. Jifunzeni kusema "senza vino, senza maiale", bila mvinyo, bila nguruwe. Jikoni nyingi hufungwa kuanzia saa nane na nusu mchana mpaka kama saa moja jioni, kwa hiyo mkichelewa kula mtaishia kwenye biskuti.

Siku moja kati ya hizo tano, kama mama anajisikia, pandeni treni kutoka Varenna hadi Tirano, saa moja na nusu, kisha mchukue reli ya Bernina kupanda hadi St. Moritz na kurudi. Reli hiyo ilikamilika mwaka 1910, na tangu 2008 ni urithi wa dunia. Inapanda hadi mita 2,253 bila reli ya meno katikati ya kuishika isiteleze, ikipita daraja la duara pale Brusio ambapo treni inajizungusha yenyewe kama nyoka anayetafuta mkia. Kuna treni ya kitalii yenye madirisha makubwa inayolazimu kuhifadhi viti, na kuna treni za kawaida zinazopita reli ile ile, hazihitaji kuhifadhi na ni nafuu. Mimi huwapeleka watu kwenye ya kawaida. Chukueni pasipoti, maana Tirano mnavuka mpaka. Ni siku ndefu, lakini ni ya kukaa. Mama akisema leo habanduki kwenye kiti chake cha ziwani, mwache.

Kwenda Lucerne mnarudi Milano na kuchukua treni ya Zurich, mnabadili Arth-Goldau. Njiani mnapita handaki la Gotthard lililofunguliwa mwaka 2016, kilomita 57, la reli refu kuliko yote duniani. Ndani hamtaona kitu, ni giza kwa kama dakika 20, muda mzuri wa kufungua korosho. Pasipoti ziwe mfukoni hapa pia, kwa sababu pale Chiasso polisi wa mpakani wa Uswisi wanaweza kuingia behewani.

Uswisi ni ghali, sitawadanganya. Chakula cha jioni cha watu wawili kwenye mgahawa wa kawaida ni rahisi kufika faranga 80 au 100, na hela yao ni faranga, si euro. Mchana kuleni kwenye migahawa ya maduka makubwa, Coop au Migros. Migros ina jambo litakalowafurahisha: madukani mwake haiuzi pombe, na mwaka 2022 wanachama wake walipiga kura wakakataa kubadili utaratibu huo. Maji ya kunywa msinunue, kingeni kwenye chemchemi za mitaani. Jumapili maduka karibu yote hufungwa, isipokuwa yale ya stesheni.

Hoteli ya Lucerne itawapa kadi ya mgeni, mnapanda mabasi ya mjini bure. Boti za ziwani zinaondokea mbele ya stesheni. Pandeni hadi Vitznau, mwendo wa saa moja, na pale gatini kuna treni ya meno inayopanda mlima Rigi. Ilianza mwaka 1871, ya kwanza ya mlimani Ulaya. Kileleni ni mita 1,798, chini hata ya geti la Marangu, lakini usimwambie Mswisi. Tiketi ya Swiss Travel Pass ya siku tatu inajumuisha treni, boti na hiyo Rigi yote, ila piga hesabu kwanza: kama mnakusudia kutoka siku moja tu, kulipia kila safari peke yake kunaweza kuwa nafuu. Daraja la mbao la Kapellbrücke mtalipita kila siku bila kupanga. Sehemu kubwa yake iliungua usiku wa Agosti 1993 ikajengwa upya, na mbao za zamani na mpya unazitambua kwa rangi. Siku ya kuondoka, treni kutoka Lucerne hadi uwanja wa ndege wa Zurich ni saa moja na dakika chache, bila kubadili.

Sasa viza, mzee wangu, na hapa tusifanye mzaha. Viza moja ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja, inatosha kwa nchi zote mbili. Unaomba kwa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi: kwenu ni Italia, usiku tisa kwa nne. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika hadi 45, kwa hiyo kwa safari ya Septemba nyinyi pelekeni mwezi wa tano au wa sita. Ada ni euro 90 kwa kila mtu na hairudi hata wakikataa. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, inayokubalika nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi, ibaki hai miezi mitatu baada ya kutoka kwao, na iwe na kurasa mbili tupu.

Kwa kuwa wanaolipa ni watoto, semeni hivyo wazi: barua yao, taarifa zao za benki, na vyeti vinavyoonyesha kwamba ni watoto wenu. Wewe weka taarifa zako za pensheni, na hati ya nyumba kama ipo. Kosa ninaloliona kila mwaka ni watoto kumwaga milioni kadhaa kwenye akaunti ya mzee wiki moja kabla. Afisa anauona huo mlima kwenye karatasi na anauliza umetoka wapi. Tiketi ya ndege wekeni nafasi tu, msiilipie mpaka viza itoke, na hoteli zote ziwe za kufutika bila gharama.

Kadi ya benki hakikisheni imefunguliwa kwa matumizi ya nje. Mashine ikiuliza kama unataka kulipa kwa shilingi au kwa euro, chagua euro kila mara. Ukichagua shilingi, wao ndio wanaokupangia bei ya kubadilisha. Na Italia ina migomo ya treni, ambayo kwa bahati hutangazwa mapema. Siku za kazi treni za mikoani zinatakiwa kutembea kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, asubuhi na jioni, hata kukiwa na mgomo. Ukisikia neno "sciopero", panda ya alfajiri.

Limebaki jambo moja. Paris uliiandika ya kwanza kwenye orodha, na sijui kama ni yako au ya mama. Muulize mkiwa mmetulia, usimuulize mbele ya watoto. Kama ni yeye aliyetamani, Venice itoke na Paris iingie mahali pake: mnatua Paris, mnalala usiku nne, mnapanda TGV, treni ya kasi ya Wafaransa, kutoka stesheni ya Gare de Lyon hadi Basel, Uswisi, kwa saa tatu, mnabadili kwenda Lucerne kwa saa moja, usiku nne, kisha mnamalizia Varenna kwa usiku zile tano na kutokea Milan. Viza bado itakuwa ya Italia, kwa tofauti ya usiku mmoja tu, kwa hiyo hapo msiupunguze hata mmoja wa Varenna bila kurudi kuhesabu upya.